Mshirika Niliyekatazwa Kumtazama

Ssaalongo Zziwa alipoiweka kanzu magotini pangu, nyuma ya pazia kiti kilikwaruza sakafu.

Kanzu yenyewe niliijua. Nilimletea mimi mwenyewe siku nilipokuja kujitambulisha kwa wakwe, nyeupe, yenye nakshi nyekundu kifuani. Sasa ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi mpaka ikakakamaa kama karatasi. Koti lililokwenda pamoja nayo hakulirudisha. Alikuwa amelivaa.

"Basi," akasema, huku akijifuta jasho kwa ncha ya koti hilohilo, "tumekurudishia ulicholeta. Kuanzia sasa wewe si mkwe wetu. Umekuwa mtu baki, kama mtu yeyote apitaye barabarani."

Kaka yangu Bbosa, aliyenisindikiza ili nisiwe peke yangu mbele ya ukoo wa watu, alikuwa akitazama kofia yake. Wazee wawili waliokuja kuwa mashahidi walikuwa wakitazama mlango, maana walikuwa wameahidiwa chakula. Nassuuna, aliyekuwa mke wangu mpaka dakika ile, alikaa mkekani amekunja miguu upande, macho yake kwenye vidole vyake.

Mimi nilikuwa nalisikiliza pazia. Nyuma yake alikaa mama yake, Nakibuule. Nilikuwa nimefanya naye biashara tangu nilipokuwa kijana hadi mvi zikanianza masikioni. Nilikijua kikohozi chake cha asubuhi na kikohozi chake cha hasira. Nilijua kwa mwendo wa kandambili zake kama mgongo unamuuma. Lakini uso wake sikuwahi kuutazama hata mara moja.

Kwetu mtu hamtazami mama mkwe. Hampi mkono, hali naye chakula, hapokei kitu kutoka mkononi mwake. Wakikutana njiani, mmoja anaingia migombani mpaka mwenzake apite. Anayevunja mwiko huo, wazee wanasema, mikono yake itatetemeka mpaka aingie kaburini. Kama ni kweli mimi sijui. Ninachojua ni kwamba sijapata kumwona aliyetaka kujaribu.

*

Mambo yalianza kwa lalamiko.

Nilikuwa fundi sufuria pale Nyendo, mjini Masaka. Nilinunua injini zilizokufa, nikaziyeyusha, nikamimina uji wake wa moto kwenye kalibu za mchanga. Tulipooana na Nassuuna, nilimpelekea mama yake zawadi ya sufuria kubwa kuliko zote nilizowahi kumimina. Mbuzi mzima angeweza kulala ndani yake. Niliisugua mpaka ikaonyesha mawingu.

Nassuuna alikwenda kumsalimu mama, akarudi anacheka kabla hajafika mlangoni.

"Mama anashukuru sana," akasema. "Anasema sufuria ni nzuri kutazama."

"Na kupikia je?"

"Anasema mfuniko unavuja mvuke kama kibogoyo anayepiga filimbi."

Nilinuna. Nani huyo, mtu wa kupika mazishini na harusini, anayenifundisha ufundi wangu? Lakini neno lile halikuniacha. Siku iliyofuata nilijikuta nimechuchumaa mbele ya kalibu, natengeneza mfuniko mpya wenye mdomo wa ndani, unaokaa kwenye sufuria kama kidole kwenye pete. Nikaupeleka kwa mkono wa Nassuuna, bila maneno.

Jibu lilirudi siku hiyohiyo, limefungwa kwenye jani la mgomba.

Ilikuwa luwombo. Nilikuwa nimeila tangu utotoni, kama kila mtu. Lakini ile nilipolegeza kamba ya mgomba, jani likafunguka lenyewe taratibu, kama mtu anayekunjua kiganja, na mvuke ukanipiga usoni: karanga, samaki wa moshi, na harufu ya jani lililobabuliwa juu ya makaa mpaka likalainika bila kuchanika. Nilikula nimesimama. Nilipomaliza nililamba jani.

"Mwambie mama," nilimwambia Nassuuna, "kula chakula hiki peke yangu ni dhambi."

Akaenda, akarudi.

"Anasema, basi watafute wengine wa kula nao."

Hivyo tu. Hatukuandikishana, hatukupeana mikono, kwanza tungepeanaje? Yeye alikuwa na kiwanja cha barabarani alichoachiwa na marehemu mumewe, pale mabasi ya Mbarara yanapopunguza mwendo, na nyuma yake shamba la migomba. Mimi nilikuwa na sufuria na sauti ya kuita wateja. Nikajenga nyumba ya vyumba viwili: jiko nyuma, meza mbele, na ukuta katikati. Kwenye ukuta nikaacha tundu kimo cha kiuno, nikaweka rafu, nikaning'iniza pazia la gunia. Alikuwa anaweka vifurushi kwenye rafu, anagonga ukuta kwa mwiko, anarudi nyuma. Nikishasikia kandambili zimesogea, ndipo napeleka mkono.

Wateja walidhani ni mtindo wetu. Wengine walicheka. Dereva mmoja wa lori kila akija aliuliza kama huko nyuma tumemfunga jini.

Nassuuna ndiye aliyekuwa ulimi wetu. "Mwambie mumeo kuku wa jana walikuwa wazee kuliko mimi." "Mwambie mama kuku wa vijana wameadimika." "Mwambie mumeo basi aache kununua kwa yule mwenye mdomo mtamu." Alizunguka kutoka jikoni kwenda mbele, kutoka mbele kwenda jikoni, akibeba maneno yetu, na kwa kuwa alikuwa binti mwenye adabu hakupunguza hata moja. Tulicheka sana siku zile, kila mtu upande wake wa ukuta.

Mama mkwe alikuwa na mambo yake ambayo hayakujadiliwa. Kifurushi kinafunguliwa na yule anayekila, si mhudumu, ili mtu ajue hakuna mkono uliomtangulia. Chakula hakilali, kilichobaki jioni kilikwenda kwa wapakiaji mizigo pale stendi, kikiwa bado cha moto, na kwenye sahani, si kwenye mfuko. Na jirani akifa, tunafunga, sufuria zinakwenda msibani pamoja nasi.

Hilo la mwisho ndilo lililotugombanisha. Kampuni moja ilikuwa imetuagiza chakula cha sherehe, watu wengi, na meneja alikuwa ameniambia kwamba wakiridhika tutawapikia kila mwezi. Asubuhi ya siku yenyewe alifariki fundi baiskeli wa jirani yetu. Nikasikia jikoni moto unamwagiwa maji.

Wakati huo Nassuuna hakuwepo. Alikuwa amejiunga na chuo cha ukunga, nasi tulikuwa tumebaki bila ulimi. Kwa siku za mwanzo tuligongeana mwiko na vikohozi kama watu wa jela. Kisha siku moja yeye akavumbua njia.

"Ewe ukuta," nilimsikia akisema, "mwambie mkwe wangu chumvi imekwisha."

Nikasimama na sahani mkononi. Mwiko unakataza kumsemesha mama mkwe uso kwa uso. Juu ya ukuta haukusema lolote.

"Ukuta," nikajibu, "mwambie mama chumvi inakuja."

"Ukuta, mwambie asipige kelele. Sufuria hazisikii, lakini mimi nasikia."

Tangu hapo ukuta ule ulisikia mengi kuliko padri. Na siku ya msiba wa fundi baiskeli uliyasikia ya hasira.

"Ukuta, mwambie mama kwamba marehemu hawezi tena kula. Watu wa kampuni wanaweza, na wanasubiri."

Maji yakatiririka kwenye majivu.

"Ukuta," sauti yake ikaja, ya chini, "mwambie mkwe wangu kwamba marehemu alikaa meza ya mlangoni, akala paja la kuku, na kila alipomaliza alikuja hapa dirishani akasema, mama, mikono yako isichoke. Hao wa kampuni waliwahi kuniambia nini?"

Nilizibeba sufuria mwenyewe mpaka msibani. Kampuni haikurudi tena. Nilinuna siku nyingi, nikigongesha sahani kwa makusudi, na nilipomaliza kununa niligundua jambo dogo: mtu aliponiuliza habari za biashara yangu, nilikuwa nimeanza kujibu, "Yetu haijambo."

*

Hatukujaliwa mtoto, mimi na Nassuuna. Tulizunguka kwa madaktari, tukazunguka na kwa wasio madaktari, kisha tukaacha kuzunguka. Alipomaliza chuo alipangiwa kituo cha afya upande wa Hoima. Mbali. Alikuja Krismasi, akaja Pasaka, akaja Krismasi nyingine. Kila alipokuja alitukuta tumeshughulika, nasi tulifurahi kumwona kama watu wanavyomfurahia mgeni aliyeleta mvua.

Siku moja alikuja bila taarifa, saa za alasiri, wateja wa mchana wamekwisha kuondoka. Alikaa kwenye meza ya katikati, na begi lake la safari hakulishusha begani.

"Walugembe," akasema. Alizoea kuniita kwa utani jina la baba yangu. Siku ile aliniita langu. "Sikuja kuomba ruhusa. Nimekuja kukuambia mwenyewe, kabla hujaambiwa na watu. Kuna mtu kule Hoima. Ni mwalimu. Nataka kuishi naye."

Nilikuwa na kitambaa cha kufutia meza. Niliendelea kufuta mahali palepale.

"Mama anajua?" nikauliza.

Akanitazama. Kisha akacheka, kicheko kisicho na ubaya, ila machozi yalikuwa karibu yake sana.

"Umelisikia swali lako? La kwanza kabisa? Hukuuliza ni nani. Hukuuliza nilikosa nini kwako."

"Nilitaka tu kujua kama..."

"Mmeoana ninyi wawili," akasema. "Wewe na mama. Mimi nilikuwa mlango. Mlango mzuri, sikatai, mliupaka rangi na kuufuta vumbi. Lakini mlango, Walugembe. Kule nikirudi kazini kuna mtu ananiuliza mimi nimeshindaje, halafu anangoja jibu."

Nyuma ya pazia la gunia, mwiko ulikuwa umesimama. Nilifahamu kwamba mama yake amesikia kila neno.

Ningependa kusema nilimsihi. Sikumsihi. Nilimwona jinsi alivyokuwa: mwanamke mzuri aliyechoka, anayesema kweli kwa upole ambao mimi sikuwa nimeustahili. Nikamwambia, "Asante kwa kuja mwenyewe." Akaitikia kwa kichwa, akaenda jikoni. Niliwasikia humo kwa muda mrefu, sauti mbili za chini, kisha kilio, sikujua cha nani, halafu, jambo la ajabu, wote wawili wakacheka.

Kesho yake mama mkwe aliongea mara moja tu.

"Ukuta, mwambie mkwe wangu kwamba leo mkono wangu umeelemewa na chumvi. Aniombee radhi kwa watu."

Kweli chakula kilikuwa cha chumvi. Hakuna aliyekirudisha.

Watu walinipa pole kwa kuachwa, nami niliipokea, maana ilikuwa haki yangu. Lakini nikiwa peke yangu nafunga milango, kilichonibana kifuani kilikuwa na upande mwingine. Ukwe ukifa, mimi nitakuwa nani pale? Kiwanja si changu. Migomba si yangu. Ningeweza kubeba sufuria zangu zote kwenye mkokoteni nikaenda kufungua kwingine, na kila asubuhi ningekaa nikingoja mtu agonge ukuta.

*

Ndiyo maana siku ile ya kikao, kanzu ikiwa magotini, nilikuwa nalisikiliza pazia.

Ssaalongo Zziwa alikuwa hajamaliza. Alikuwa mdogo wa marehemu baba yake Nassuuna, na tangu alipozaa mapacha hakuna aliyemwita kwa jina lingine ila hilo la Ssaalongo. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda kusikika, na alipenda luwombo ya uyoga, ambayo alikuja kuila kwetu mara kwa mara bila kuulizwa malipo, kwa heshima ya ukoo.

"Sasa, pale barabarani," akasema, "pale tulimpa mkwe. Mkwe hayupo tena. Kwa hiyo panarudi kwa ukoo. Kijana wangu mkubwa anataka kufungua baa."

Bbosa akainua macho kutoka kwenye kofia. "Ssaalongo, samahani. Pale mlimpa ninyi, au mama ndiye aliyempa?"

"Kwani kuna tofauti? Mama ni wetu."

Hapo pazia likafunguka.

Niliona kwanza viatu, vyeusi, vya kanisani. Kisha upindo wa gomesi ya rangi ya zambarau. Zaidi ya hapo macho yangu yalikataa kupanda. Shingo ilijikunja yenyewe, nikajikuta nimeinamia ile kanzu kama mtu anayetafuta sindano. Nilisikia wazee wakivuta pumzi. Kandambili nilizizoea, viatu hivi vilikuja na mlio mgeni, vikavuka mkeka, vikasimama mbele yangu. Kiti kikavutwa. Akaketi.

"Inua uso, kijana," akasema. "Siwezi kuongea biashara na utosi."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Nikainua uso.

Alikuwa mdogo. Hilo ndilo lililonishangaza. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimemjenga kichwani mwanamke mkubwa kama sauti yake, na mbele yangu alikaa mama mwembamba, mashavu yamebonyea, nyusi moja imeungua nusu kwa moto wa jikoni. Macho yake yalikuwa ya Nassuuna.

Naye alikuwa ananitazama vivyo hivyo, juu mpaka chini.

"Kumbe mfupi hivi," akasema. "Na sauti yote ile huwa unaiweka wapi?"

"Shemeji," Ssaalongo akaanza, "hili jambo..."

"Ngoja kwanza, Ssaalongo. Naongea na mgeni." Akanigeukia. "Unaitwa nani?"

"Walugembe, mama."

"Unafanya kazi gani, Walugembe?"

"Fundi sufuria. Na... nauza chakula."

"Chakula cha nani?"

"Cha mama mmoja."

"Anapika vizuri?"

"Vizuri sana, mama. Ila ana hasira."

Sasa Bbosa alikuwa ameziba mdomo kwa kofia, na mabega yake yanaruka. Mama hakucheka. Alikunja mikono juu ya mkanda wa gomesi.

"Mimi ni mjane," akasema. "Nina shamba la migomba, na kiwanja barabarani, na mikono hii. Natafuta mtu wa kushirikiana naye. Sharti langu moja: asiwe mkwe. Nilishafanya kazi na mkwe, inachosha. Kila kitu mpaka umwambie ukuta."

Hapo hata wazee walishindwa. Mmoja alicheka mpaka fimbo ikamponyoka. Ssaalongo peke yake alibaki amekunja uso.

"Hii ni michezo," akasema. "Mwanamke huwezi ukatoka hivi mbele ya mkweo!"

"Mkwe yupi?" Akamgeukia kwa adabu kabisa, akapiga magoti kama inavyompasa mwanamke anayesema na shemeji yake, na kwa magoti yale akamfungia njia. "Si wewe uliyesema sasa hivi kwamba ni mtu baki? Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikasema, Ssaalongo amenena, nani mimi nimpinge? Nimetoka kwa neno lako. Au niwaambie mashahidi hawa kwamba ulikosea?"

Ssaalongo akajifuta jasho tena kwa ncha ya koti.

"Na kile kiwanja," aliendelea, sasa bila mzaha, "marehemu aliponiachia wewe ulikuwa umekaa kichwani pa kitanda. Alisema, pale pawe pa Nakibuule, afanye anachotaka. Ukaitikia. Nilikusikia ukiitikia. Ulikuwa unalia."

Kuku waliingia wakatoka. Ssaalongo alishika ukosi wa koti langu la zamani, akaurekebisha, akatazama nje kuelekea barabarani kana kwamba anaiona baa ya mwanawe ikiondoka na basi.

"Nilikuwa nalia," akakubali. Kisha, baada ya kufikiri: "Na ile ya uyoga... itaendelea?"

"Kwa shemeji yangu, siku zote."

Basi kikao kikaisha hivyo. Lakini kabla watu hawajainuka, Nassuuna alisema neno lake la kwanza tangu asubuhi. Alilisema taratibu, huku anaokota majani yaliyochomoka kwenye mkeka.

"Mama. Mbele ya watu wote umemchagua yeye."

Mama yake alikuwa bado amepiga magoti. Alisogea hivyohivyo, kwa magoti, mpaka mkekani, na viatu vyake vya kanisani vikiburuza vumbi.

"Yeye nimemchagua kwa sababu angeondoka," akasema. "Wewe utaondoka uende wapi, ambako hutakuwa wangu? Nenda Hoima. Nenda ukaulizwe umeshindaje." Akamshika kidevu. "Mimi sikukuuliza. Nilikuwa nakutuma tu. Hilo nalijua."

Nassuuna akaweka kichwa kwenye paja la mama yake, nasi wanaume tukatoka nje kutazama migomba, kila mmoja wake.

*

Mtu angedhani kwamba baada ya hapo kazi ilikuwa rahisi. Haikuwa. Tulipoteza ufundi wetu. Siku ya kwanza niliingia jikoni kwa mlango, kama mtu huru, na wote wawili hatukujua pa kuweka macho. Alinipa sahani mkono kwa mkono. Mkono wake ukatetemeka, na wangu ukatetemeka, sahani ikalia kama kengele. Tukatazamana kwa hofu ya kweli. Kisha akasema, "Ni uzito wa ndizi," nami nikasema, "Ni ndizi, mama," tukacheka mpaka wateja wakachungulia kwenye tundu.

Majina pia yalitusumbua. "Mkwe" lilikuwa limekufa kikaoni. "Walugembe" lilimtoka kama anamwita shahidi mahakamani. Mwanangu hakuniita, na namshukuru kwa hilo, maana lingekuwa neno la kunifariji tu. Siku moja, katikati ya haraka ya mchana, mabasi mawili yamefika pamoja, nikamsikia akiita, "Mwenzangu! Wewe mwenzangu, umelala?" Nikaitika bila kufikiri, na jina likakaa.

Siku hizi magoti yake hayamruhusu kusimama jikoni. Anakaa nje kwenye kigoda, anababua majani na kuwakaripia wapishi, ambao wawili ni wapwa zangu na mmoja ni mjukuu wa Ssaalongo, mtoto wa yule aliyetaka kufungua baa. Mimi nilioa tena, mwanamke wa Lwengo. Mama ndiye aliyekwenda kunichumbia, akakaa upande wa wanaume, akanisifu uongo mtupu.

Lakini nikikumbuka yote, huwa nakumbuka zaidi Pasaka ile ya mwaka wa pili baada ya kikao. Nassuuna alikuja kutoka Hoima na mwalimu wake. Mwalimu, mtu mrefu wa aibu nyingi, alikataa kuingia. Alisema atazunguka kidogo sokoni. Hakuthubutu hata kuuangalia upande wa jikoni, maana sasa ukwe ulikuwa wake. Mama akakaa meza ya dirishani. Mimi nikakaa. Nassuuna akakaa katikati yetu, akafungua kifurushi chake.

"Mwenzangu," mama akaniambia, "yule mtu wa kuku amezidi."

"Mimi nilikuambia tumwache."

"Uliniambia lini?"

"Tangu Kwaresima! Ukasema nina kinyongo naye kwa sababu ya mbwa wake."

"Na kinyongo unacho."

"Ninacho. Lakini kuku nao ni wembamba."

Tuliendelea hivyo, juu ya kuku, juu ya paa linalovuja, juu ya kama tuongeze meza chini ya mti au tusiongeze. Maneno yalipita juu ya kichwa cha Nassuuna, huku na huko, na hakuna hata moja lililomhitaji. Alikuwa ameinama kidogo juu ya jani lake. Alichukua ndizi, akachovya, akala. Akachukua nyingine. Baadaye mama alimwekea mkono mgongoni, akanyamaza, nami nikanyamaza.

"Umeshindaje kule, mwanangu?" akamuuliza.

Nassuuna akatafuna, akameza bila haraka, akajifuta midomo kwa kiganja.

"Nawaambia," akasema. "Nikimaliza kula."

Tukangoja.